Faida Ililala Wapi? Historia Fupi ya Kukua kwa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa



Kila tunapokutana, mazungumzo huanzia palepale: maharage ya bwenini, kengele ya alfajiri, baridi ya mwezi Juni, na walimu waliotunyoosha. Tukimaliza hayo huja habari za mji. Aliyeondoka Mbinga zamani hushangaa kuona lami, maduka na majengo ambayo hakuyaacha. Mwenzetu wa Liuli au Lituhi husikiliza, kisha husema kwamba kwao mambo ndiyo kwanza yanaanza. Hapo ubishi huzuka. Mmoja atasema mji umejengwa na Serikali, wa pili atasema ni kahawa, na wa tatu atashikilia kuwa ni barabara.

Makala hii inautazama ubishi huo kwa jicho la historia. Siku hizi wataalamu wa miji duniani wanafundisha kwamba mji hufufuka kwa maarifa mapya, na kwamba uchumi ukikua bila kuwagusa watu wote, ukuaji huo ni wa nusu. Maneno hayo ni mazuri, lakini kwetu si mageni. Wazee wa milimani na wa ziwani walikwisha kuyajaribu kwa mikono yao, mara nyingine wakafaulu, mara nyingine wakashindwa. Ninachokiona katika historia yao ni hiki: maarifa mapya huukuza mji pale ambapo wenye kuyatolea jasho ndio wanaoamua mapato yake yaende wapi. Kwa hiyo katika kila hatua nitauliza swali moja tu, kama mtu anavyomwuliza msafiri: faida ililala wapi?

MASHIMO YA MILIMANI

Tuanze na kitu ambacho kila aliyesoma huku amekiona kwa macho yake, hata kama hakukifikiria. Ni ngoro. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nchi hii kutoka kusini, na vita vikawasukuma Wamatengo kwenye milima yenye miteremko mikali. Watu wengi wakajikuta kwenye ardhi finyu inayokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua kubwa ya kila mwaka. Kwa kawaida mahali kama hapo udongo huisha baada ya misimu michache, ukaishia mtoni.

Wamatengo walipata dawa yake. Mvua zinapokaribia kuisha, mnamo mwezi Machi, wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana, hata mteremko ukaonekana kama daftari la hesabu. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Hubaki mashimo yenye upana wa mita moja na nusu hivi, yamezungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kukimbia na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Maofisa wa Kiingereza walipoiona kazi hiyo waliistaajabia, wakaiandikia katika majarida yao tangu miaka ya 1930. Hawakuwa na la kuongeza.

Ngoro ilikuwa uvumbuzi kamili, nao ulikuwa na utaratibu wake wa kugawana. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya ardhi iitwayo ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili. Wanaume wa ukoo walikula pamoja, na katika kula huko waliamua mambo: nani apewe shamba, nani asaidiwe, mgogoro gani umalizwe. Kikao hicho kiliitwa sengu. Faida ya ngoro ililala ghalani kwa ukoo. Hata hivyo tuseme kweli yote: mwanamke aliyechimba yale mashimo hakuwa na kiti katika sengu. Dosari hiyo tutakutana nayo tena mbele.

MWAMBAO ULIKUWA MBELE

Vijana wa leo wanadhani milima ilitangulia kuendelea, na mwambao ukafuata nyuma. Historia inasema kinyume. Mambo mapya yalipoanza kuingia nchi hii kutoka ng'ambo, mwambao wa ziwa ndio uliokuwa mlango.

Mwaka 1901 meli iitwayo Chauncy Maples iliingia majini katika Ziwa Nyasa. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari, mito na mabega ya wapagazi, kisha ikaunganishwa upya. Ilikuwa mali ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambayo makao yake yalikuwa kisiwa cha Likoma, nayo ilitumika kama shule, zahanati na kanisa linaloelea. Wajerumani nao walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, na mahali pa kuitengenezea palikuwa Liuli, ambako wao walikuita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba ulio bandarini unaofanana na sanamu ya Misri. Hapo ndipo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Alipanda mtumbwi kwa hasira kwenda kumwuliza rafiki yake Rhoades, nahodha wa Gwendolen, kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Tendo hilo huhesabiwa miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa hiyo Liuli ilikuwa na karakana ya meli, misheni, shule na hospitali wakati Mbinga ya leo ilikuwa bado mashamba na misitu. Mbona basi Liuli haikuwa mji mkubwa? Jibu liko katika swali letu. Meli, bidhaa na mishahara mikubwa vilikuwa vya watu wa mbali. Mwananchi wa mwambao alipata kazi ya kubeba, kupika na kuchanja kuni za tanuri la meli. Samaki wake, usipa na mbasa, waliharibika upesi na walifika mbali kwa kukaushwa tu. Vijana wengi waliondoka kutafuta kazi nchi za jirani na katika mashamba ya mkonge. Faida haikulala mwambaoni. Ilipita na meli.

KAHAWA NA CHAMA

Tupande sasa tena milimani. Kahawa ya arabika ilianza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920, na watemi wa ukoo wa Makita walikuwa mstari wa mbele kuihimiza. Mmea huo ulikubaliana na baridi na udongo wa huku. Ulikubaliana pia na ngoro, jambo ambalo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mkulima alipanda mibuni karibu na nyumba, akaendelea kulima maharage na mahindi kwenye mashimo yake mteremkoni. Hakulazimika kuchagua kati ya tumbo na mfuko. Bei ya kahawa ilipoanguka, watoto walikula. Ilipopanda, walikwenda shule.

Mwaka 1936 kilianzishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Ungoni na Umatengo, ambacho wazee walikiita NGOMAT. Kwa upande wa Wangoni zao lilikuwa tumbaku, na kwa Wamatengo ni kahawa. Hakikuwa mbali sana nyuma ya KNCU ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1933. Wasomaji mliopita Moshi mnajua KNCU ilivyoujenga mji ule. Mapato ya kahawa yalisimamisha jengo kubwa la ushirika katikati ya mji, yakalipia shule, maktaba na mafunzo ya biashara, na mwaka 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika. Mji wa Moshi haukujengwa na kahawa peke yake, maana kahawa ilikuwako pia katika mashamba ya walowezi na mapato yake yakaenda Ulaya. Chama ndicho kilichoifanya fedha ishuke mlima na kukaa mjini.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa kiasi kidogo zaidi, lakini kwa njia ileile. Chama kilikusanya kahawa, kikatafuta lori, kikatunza hesabu, kikamlipa mkulima kwa awamu. Kwa kazi hizo alihitajika karani ajuaye kusoma na kuandika, mpimaji, dereva, fundi, mtunza ghala. Kazi hizo zilikuwa za wenyeji. Ndugu zangu, wengi wa kizazi changu tulilipiwa karo na mibuni ya baba na matuta ya mama. Shule yetu yenyewe ni sehemu ya faida hiyo iliyolala nyumbani.

Hapa ile dosari ya sengu inarudi. Kadi ya chama iliandikwa jina la baba. Mama alichuma, akaosha, akaanika, lakini siku ya malipo hakuitwa dirishani. Faida ililala nyumbani, ila haikulala pande zote za nyumba.

MBINGA YAWA MJI

Baada ya Uhuru, nchi hii ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Songea, na safari ya kwenda kufuata ofisi ilikuwa ya siku nzima, wakati wa masika hata zaidi. Katika miaka ya 1970 Mbinga ikawa wilaya inayojitegemea, na makao yake makuu yakawekwa hapo Mbinga. Ofisi zikaja, zikafuatwa na maduka, soko, gereji na nyumba za wageni. Wale wanaosema mji umejengwa na Serikali wana haki kwa sehemu hii.

Lakini tuangalie fedha iliyozunguka sokoni ilitoka wapi. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliua mibuni mingi Brazil, na bei ya dunia ikapanda sana katika miaka ya 1976 na 1977. Wakati uleule, Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na kazi ya kununua mazao ikakabidhiwa mamlaka za mazao. Kwa hiyo mwaka ambao kahawa ilikuwa dhahabu, mkulima wetu hakuwa na chama chake. Sehemu kubwa ya bei ile nzuri ilikwenda kwenye kodi na gharama za uendeshaji kabla haijafika mlimani. Huo ni mfano wa pili wa faida kupita njia bila kulala.

Jirani zetu walikuwa wamekwisha kuonja jambo linalofanana na hilo. Katika miaka ya 1960, vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kuanzia Litowa, vilijiendesha vyenyewe kwa mikutano ya wanavijiji, vikawa na shule ya mtindo wake, vikanunua hata mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Hata hivyo, mwezi Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa TANU. Mashine na magari vilichukuliwa. Sisemi haya ili kufukua makaburi. Nasema ili mwanafunzi ajue kwamba swali la nani aamue juu ya mapato ya kijiji lilikuwa na uzito hata katika zama ambazo kila mtu aliimba ujamaa.

Sheria ya mwaka 1982 iliurudisha ushirika, na katika muongo huo Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU. Wengi wenu mnakikumbuka. MBICU ilinunua kahawa, ilikopesha mbolea na dawa za mibuni, ilipeleka lori mpaka vijijini. Baadaye kiwanda cha kukoboa kahawa kikajengwa hapohapo Mbinga, kazi ambayo zamani iliipeleka kahawa yetu mpaka Moshi. Miaka hiyo mji ulipanuka, na msimu wa malipo kila mwenye cherehani, mwenye baiskeli ya kukodisha na mama wa maandazi alijua kwamba kahawa imelipwa.

CHAMA KILIPOANGUKA

Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Mwanzoni watu walishangilia, kwa sababu fedha zililipwa mkononi siku ileile. Lakini MBICU, iliyokuwa imeelemewa na madeni, haikuweza kushindana, na katikati ya miaka ya 1990 ikaanguka. Pamoja nayo yalianguka mambo ambayo watu walikuwa hawayahesabu: mkopo wa mbolea, dawa za mibuni, na usafiri wa uhakika. Kisha kati ya mwaka 2000 na 2002 bei ya dunia ikashuka kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka thelathini hivi. Mashamba mengi yaliachwa bila kupaliliwa.

Hapa pana somo kwa wale wanaodhani mji ni majengo. Majengo ya Mbinga hayakuhama. Barabara ilikuwa ileile. Ghala lilikuwa palepale. Kilichokosekana ni kile chombo kilichounganisha mlima na mji, na bila hicho mji ulikohoa. Na tusiwatupie lawama wageni peke yao. Chama kilichoshindwa kuwaonyesha wanachama hesabu zao kilikuwa kimekwisha kuwapoteza kabla mnunuzi binafsi hajafika.

Maarifa mapya hayakukoma. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, ina kituo chake kidogo huku kwetu Ugano, na imesambaza aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yaliyokuwa yakila fedha ya mkulima kwa njia ya dawa. Vikundi vya wakulima vikaanza kununua mitambo ya pamoja ya kumenya kahawa ili ubora uwe mmoja na bei iwe nzuri. Tangu msimu wa 2018/19 Serikali iliagiza tena kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi. Kwa hiyo chama kimerudi. Kama kitadumu, itategemea ile hesabu ya wazi.

MASHINE YA KINDIMBA

Kati ya mambo yote yaliyotokea baada ya MBICU, moja ninalitaka kila mwanafunzi alijue. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa msaada wa Wajapani, kilianzisha kazi ya maendeleo ya vijijini katika milima yetu, na Kindimba kilikuwa kimojawapo cha vijiji vilivyochaguliwa. Watafiti walikuwa wamekaa miaka ya nyuma wakijifunza ngoro, ntambo na sengu. Badala ya kuja na mpango tayari, walianza kwa kuuliza wenyeji wanachokitaka.

Wanakijiji walitaka mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Mto walikuwa nao, na mteremko Umatengo haukosekani. Mashine za dizeli zilikuwa ghali, na mafuta yalipokosekana wanawake walirudi kwenye kinu. Basi wakachimba mfereji, wakabeba mawe, mchanga na matofali, wakajenga. Usimamizi waliukabidhi kwa kamati waliyoiita Sengu. Wamatengo walichukua jina la kikao cha zamani cha ukoo na kulipa kazi ya kijiji kizima. Mashine ilipoanza kusaga, vikundi vikachipuka kandokando yake: vya kupanda miti, kufuga samaki kwenye mabwawa, na kufuga nyuki.

Mtaniuliza: mashine ya kijiji inahusu nini na ukuaji wa mji? Inahusu sana. Mahitaji ya Kindimba yaligeuka kazi ya fundi wa vyuma, mwuza saruji na mwuza mabomba wa mjini. Unga, samaki na asali vilihitaji soko. Mji mdogo hupata uhai wake kwa njia hii, kijiji kinapokuwa na kitu cha kuuza na fedha ya kununulia. Faida ya mashine ile, ndogo kama ilivyokuwa, ililala Kindimba kwanza, kisha ikatembelea Mbinga.

LAMI, MAKAA NA BANDARI

Sasa tumefika zama zetu. Katika miaka ya 2010, kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilitiwa lami kwa msaada wa Marekani. Baadaye lami ikateremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za kona na mabonde, kutoka kwenye ukungu wa milima mpaka ziwani, ambako ni chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mliosafiri njia hiyo juu ya gunia la mahindi mnajua maana yake. Mwaka 2012 mwambao ukapewa wilaya yake, Wilaya ya Nyasa. Sensa ya mwaka huo iliwahesabu watu 353,683 Mbinga na 146,160 Nyasa, yaani karibu laki tano kwa jumla.

Tangu mwaka 2011 makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, wilayani Mbinga. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia makaa kutoka nje, viwanda vya saruji vya nchini vikaelekeza macho huku. Na Mbamba Bay iko mwisho wa ile njia ndefu ambayo wapangaji wanaiita Ushoroba wa Mtwara, njia ya kutoka Bahari ya Hindi mpaka ziwani na kuvuka hadi Malawi. Nchi nne, Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia, zilitia saini makubaliano ya ushoroba huo mwaka 2004. Wazo la reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ni la zamani zaidi.

Haya yote ni mema. Lakini aliyesoma habari ya Sphinxhafen atakuwa na swali. Lori la makaa linalopita Mbinga usiku huacha nini zaidi ya vumbi na bei ya chai? Meli itakayotia nanga Mbamba Bay itakuwa ya kuchukua mzigo wetu, au ya kupitisha mzigo wa wengine? Mwambao umekwisha kuwa mlango mara moja, na mlango hauli chakula kinachopita.

Wenye miji mikubwa nao wana swali hilohilo. Mwaka 2000 mji wa Barcelona, Hispania, uliamua kuufufua mtaa wa zamani wa viwanda vya nguo uitwao Poblenou, hekta 200 hivi, uwe mtaa wa kampuni za maarifa mapya. Kampuni zilikuja, kazi zikaja. Lakini kodi za nyumba pia zilipanda, na wakazi wa siku nyingi na mafundi wadogo wakalalamika kwamba mtaa unafufuliwa huku wao wakisukumwa nje. Tofauti ya Poblenou na Mbamba Bay ni kubwa, ila ugonjwa wa kumsahau mwenyeji ni mmoja. Kiwanja cha ufukweni kikiuzwa leo kwa bei ya debe la mahindi, kesho mjukuu wa mwuzaji atakuwa mlinzi wa geti mahali babu yake alipoanikia usipa.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Ndugu wasomaji, makala ya historia isiyo na kazi ya kufanya ni hadithi ya jioni. Kwa hiyo naomba kutoa mapendekezo machache.

Kwa wanafunzi wa zamani wenye uwezo, wekezeni katika ile hatua inayofuata shamba. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ikiwa mbichi, na thamani kubwa huongezwa na yule anayekaanga na kufungasha. Mwambaoni, kichanja bora cha kuanikia usipa na chumba cha barafu vina maana kwa mvuvi kuliko hotuba. Lakini fanyeni hivyo pamoja na vyama vya wenyeji, hesabu zikiwa wazi, na majina ya akina mama yakiwamo kwenye daftari. Historia imetuonyesha mara mbili gharama ya kuwaacha nje.

Kwa mlio katika halmashauri na maofisi, kila mradi unapoletwa mezani, ulizeni ajira za ufundi ni ngapi na vijana wa hapa watafundishwa wapi kabla kazi haijaanza. Karakana ya Liuli ya mwaka 1914 haikuacha mafundi wa meli mwambaoni. Bandari ya zama hizi ikiacha hali ileile, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Na kwenu wadogo zetu, mpo mahali pazuri kuliko sisi. Bado wapo wazee waliopanga majani ya ngoro, waliopanga foleni ya malipo ya MBICU, waliobeba mawe ya mfereji wa Kindimba. Likizo ijayo chukua daftari, nenda kwa bibi na babu, uwaulize fedha ya msimu ilitumikaje: nani alishika, nini kilinunuliwa, nini kilijengwa. Leteni majibu hayo shuleni. Nasi wakubwa tulio na stakabadhi za chama, picha za zamani na kadi za uanachama tuzilete kwenye mkutano ujao badala ya kuziachia mchwa.

Tukifanya hivyo, ule ubishi wetu wa kila mwaka utakuwa na ushahidi. Tutaweza kumwambia kwa hakika mgeni anayekuja na mradi wake kwamba watu wa hapa wanazo kumbukumbu za hesabu zao, na watataka kuiona na yake.